Wakunja Shuka wa Jozi ya Nne

Umewahi kukunja shuka na mtu unayemchukia? Hasemwi hapa mtu aliyekuudhi jana na kesho mtacheka naye. Anasemwa yule ambaye hata kivuli chake kikikugusa, ngozi inakuwasha.

Shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja, labda awe na mikono ya pweza. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja kashika ncha mbili. Mnaivuta, mnaitikisa, mnaikunja kwa urefu. Kisha mnaendeana mpaka vidole vinagusana na pumzi zinapigana usoni; mmoja anapokea ncha za mwenzake, mwingine anainama kuokota mkunjo. Mnarudi nyuma, mnaanza tena. Mara mia tatu kwa siku, siku sita kwa wiki.

Pindo alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kuona upindo wa shuka umekaa upande akanyamaza. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mrefu kama nguzo, mkavu, mwenye maneno machache na makali. Chumba cha kufulia alichofanyia kazi kilikuwa nyuma ya jiko la hospitali kubwa, mahali ambapo wageni wa heshima hawapitishwi. Juu palikuwa pa nguo safi: mashine za kukaushia, meza ndefu, madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe. Chini, ukiteremka ngazi kumi na nne, ndipo zilipopokelewa nguo chafu kutoka wodini, ndani ya magunia, na humo mlikuwa na kila kitu ambacho mwili wa mgonjwa unaweza kutoa. Hakukuwa na dirisha huko. Kulikuwa na dawa ya klorini inayochoma macho na vumbi la nyuzi linaloelea kama ukungu. Pindo alianzia huko chini akiwa kijana, akakaa miaka tisa, akapanda juu na kifua kinachopiga filimbi. Daktari mmoja alimsikiliza mgongoni, akamwambia, "Bwana, huko chini usirudi tena." Ushauri huo ndio fidia yote aliyopata.

Mwenzake wa jozi aliitwa Shemeji na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini mpaka wauguzi. Pindo mwenyewe ndiye aliyemleta kazini, akamtambulisha kwa majigambo: "Huyu ni shemeji yangu, kamwoa dada yangu," na jina likaganda kama doa la ayodini. Mwaka uliofuata Shemeji na mkewe wakagombana kwa jambo la chumbani ambalo halijasimuliwa mpaka leo. Pindo alipopata habari hakuuliza wala hakuketi. Alikwenda na gari la mizigo, akapakia dada, kitanda na masufuria. Talaka ikafuata. Pindo akasema mtu yule kamtesa dada yake. Shemeji akasema mtu yule kaivunja nyumba yake. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mbona hawakutenganishwa? Kwa sababu walikuwa warefu sawasawa, na shuka ikishikwa na warefu wawili haiburuti sakafuni. Tena pale watu hawakuhesabiwa kwa majina. Kila furushi lilifungwa na kikaratasi, na kwenye nafasi ya jina mliandika namba ya jozi. Wao walikuwa Jozi ya 4. Doa likionekana wodini haliulizwi ni la nani; inaitwa Jozi ya 4, wanasimama wote wawili mbele ya meza kama ng'ombe wa nira moja.

Aliyewasemesha alikuwa Bibi Foronya, mama mtu mzima aliyepiga pasi foronya za mito, ambaye meza yake ilikuwa kati yao.

"Bibi Foronya, mwambie huyu avute," alisema Pindo.

"Anasema uvute."

"Mwambie navuta tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyelala."

"Anasema umelala."

"Mwambie nikilala mimi hii shuka itashikwa na mama yake?"

"Ah, nendeni zenu huko! Mimi si waya wa simu."

Siku moja akaja mkuu wa utawala, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Taratibu. Alikuwa na tai nyembamba na sentensi moja aliyoitumia kama watu wengine wanavyotumia rungu: taratibu ni taratibu. Akatangaza kwamba hospitali imeagiza mashine ya kupiga pasi na kukunja shuka. Jozi nyingine zitabaki na nguo ndogo. Jozi ya 4, ambayo kazi yake ni shuka tupu, itavunjwa. Mmoja ataendesha mashine. Mwingine atashuka chini.

"Na kwa kuwa maandishi ya mashine ni ya Kiingereza," akasema, "mtafanya mtihani wa Kiingereza. Mwenye alama za juu anabaki."

Tazama ukatili wake ulivyovaa nguo safi. Watu wawili wamewatandikia wagonjwa maelfu, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeuliza shuka yake imekunjwa kwa lugha gani. Leo mmoja atatupwa shimoni kwa sababu ya kibandiko. Na yule mwenye tai hakumtupa kwa mkono wake mwenyewe. Aliwapa kamba, akawaambia wavutane.

Pindo hakulala vizuri wiki ile. Hakuogopa Kiingereza. Aliogopa zile ngazi kumi na nne.

Likafunguliwa darasa la wiki tatu, saa ya chakula cha mchana, ndani ya bwalo la wafanyakazi. Mwalimu alikuwa binti aliyetoka chuoni juzi juzi, mwenye sauti ndogo na moyo mkubwa. Wafuaji wote waliruhusiwa kuhudhuria, na walihudhuria, wengine kwa elimu, wengi kwa sinema ya bure ya Pindo na Shemeji kukaa dawati moja.

Wiki ya pili mwalimu akaandika ubaoni "each other", na chini yake "one another".

"Sisi," akasema, "kitenzi chetu kina mkia. Penda, pendana. Saidia, saidiana. Mkia umekwisha kusema kwamba jambo linakwenda na kurudi. Kitenzi cha Kiingereza hakina mkia huo, kwa hiyo wanaleta maneno ya nje, wanayaweka baada ya kitenzi. 'They help each other.' Wanasaidiana. Yanakaa upande wa kupokea, hayaanzi sentensi."

"Na lile la pili?" akauliza mfuaji mmoja.

"Vitabu vya zamani vinasema 'each other' ni ya wawili, 'one another' ni ya watatu na kuendelea. Lakini wenyewe wanachanganya kila siku na hakuna anayefungwa."

"Basi sisi tutafungwa," akasema Bibi Foronya, na bwalo likacheka.

Mwalimu akawaita Pindo na Shemeji mbele, akawasimamisha wakielekea kioo cha dirisha. "Kila mmoja ajitazame kwenye kioo. Hapo tunasema 'they look at themselves.' Kila mtu na sura yake. Haya, sasa geukeni, mtazamane."

Hawakugeuka.

"Geukeni kidogo tu."

"Mwalimu," akasema Pindo, macho kwenye kioo, "mtu akimchukia mwenzake, na mwenzake hana habari, utasema 'each other'?"

"Hapana, baba. Hapo ni mmoja tu anayechukia. Ni lazima iende na irudi."

Shemeji akakohoa kidogo. "Mwalimu, mwambie asiwe na wasiwasi. Inarudi."

Watu walicheka mpaka vijiko vikaanguka. Pindo hakucheka, lakini usiku ule, akiwa kitandani, alijikuta anarudia jibu lile, akauma meno kwa sababu lilikuwa zuri.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kuwafanya wanafunzi wabadilishane madaftari na kusahihishana. Kesho yake akataka kila mtu aandike sentensi moja ya kweli kuhusu mwenzake wa dawati. Pindo akaandika, kwa herufi alizozikandamiza mpaka karatasi ya pili: "We hate each other." Akalisukuma daftari. Shemeji alilisoma polepole, akalisoma tena, akachukua kalamu nyekundu, akaweka vema kubwa iliyovuka mistari mitatu, na pembeni akaandika kumi juu ya kumi.

Mwalimu alipokusanya madaftari alilisoma lile, akasema kwa upole, "Ni sahihi. Sina la kuongeza."

Nyumbani, aliposimuliwa habari ya daftari, dada yake Pindo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Waliishi vyumba viwili, yeye na kaka yake. Aliponda dawa za kifua, akamchemshia maji ya kujifukiza, akashona nguo za watoto kwa cherehani ya mguu.

"Kaka, mimi na yeye tuliachana siku moja, mbele ya mashahidi, tukamaliza," akasema. "Nyinyi wawili mnaachana kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hamchoki?"

"Nilikutetea wewe."

"Ulinipakia kwenye gari. Kuna mtu aliniuliza?"

Pindo akajifanya hakusikia. Alikuwa na mtihani.

Mtihani ulifanyika bwaloni, watu wawili tu, meza mbili, na karani wa utawala akiwa na saa. Karatasi ilikuwa na kurasa nne. Hakukuwa na kuandika sentensi, ni kuchagua herufi na kuweka alama. Juu kabisa palikuwa na mstari wa jina. Sasa mtu aliyeandika "Jozi ya 4" mara arobaini kwa siku, miaka kumi na mmoja, ukimwekea mstari wa jina mbele yake mkono wake haumwulizi. Wote wawili waliandika hivyo hivyo. Na karani, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama, alizikusanya akiwa anatazama simu.

Pindo alianza vizuri. Kurasa mbili zilikwenda kama maji. Ukurasa wa tatu alisikia karatasi ya upande wa pili ikifunuliwa: Shemeji ameingia ukurasa wa mwisho. Akanyanyua macho. Akaona lile paji la uso lililokunjana, ule mdomo unaotembea bila sauti, ile kalamu isiyosimama, na hasira ikampanda mpaka herufi zikaanza kuogelea. Anakwenda wapi kwa haraka hivyo? Nani kamfundisha? Alimtazama hivyo, chuki imemshika shingo, mpaka karani akasema, "Kalamu chini." Ukurasa wa nne wa Pindo ulikuwa mweupe kama foronya mpya.

Siku ya tatu wakaitwa ofisini. Bwana Taratibu alikuwa na karatasi mbili mezani na uso wa mtu aliyewekewa chumvi kwenye chai.

"Hii ni nini? Jozi ya 4, Jozi ya 4. Majina yako wapi? Moja ina arobaini na moja kati ya hamsini. Nyingine ina ishirini na tatu, ukurasa mzima haukujibiwa. Alama mlizoweka zinafanana, kalamu ni ile ile ya ofisi. Ya juu ni ya nani?"

Nje mkokoteni wa vyombo ulipita ukigongana.

"Nauliza ya juu ni ya nani?"

Pindo aliziona ngazi. Alisikia filimbi ya kifua chake mwenyewe ndani ya ofisi ile iliyonyamaza, akaona aibu kwamba wengine wanaisikia. Mdomo ukafunguka kabla moyo haujamaliza kikao chake.

"Yangu."

Bwana Taratibu akamgeukia Shemeji. "Na wewe unasemaje?"

Shemeji alitazama karatasi, akatazama kalenda ukutani, hakumtazama Pindo.

"Amekwisha kusema ni yake. Yangu ni hiyo nyingine."

"Una uhakika? Maana wewe ndiye unayeshuka."

"Bwana mkubwa, taratibu zako zinataka jibu au zinataka ugomvi?"

Wakatia saini. Taratibu zikashiba.

Walirudi chumba cha kufulia wametangulizana hatua kumi. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye msumari wake, akachukua koti, akasimama kwenye meza ya katikati.

"Bibi Foronya, mwambie huyu asidhani nimempa zawadi. Kifua chake kile, akishuka chini miezi mitatu, atamfia dada yake mikononi. Na yule mama ameuguza vya kutosha. Mwambie nimemfanyia dada yake. Yeye mwenyewe simpi hata maji ya kunawa."

Bibi Foronya aliweka pasi wima. Safari hii hakurudia neno. Pindo alikuwa hatua mbili tu, masikio yake yakiwaka.

Mtu akikutukana una la kufanya. Akikupiga una la kufanya. Akikuokoa huku anakutemea mate, utafanya nini? Jioni hiyo Pindo alitembea mpaka nyumbani, hakupanda gari, akawa anazungumza peke yake hadi watu wakampisha njia. Amenidharau. Ameniona mzee. Ameniona mwongo, na mwongo nimekuwa kweli.

Alimweleza dada yake yote, akitegemea amlaani yule mtu. Dada alizima moto wa jiko, akakaa juu ya kigoda, mikono mapajani.

"Alisema hivyo? Kwamba nimeuguza vya kutosha?"

"Alisema."

"Na wewe ulisema yangu."

"Ningeshuka chini, ningekufa!"

"Ungesema kweli, na kama ni kufa tungejua tunakufaje. Sasa atakufa yeye, nami nitaambiwa ni kwa ajili yangu. Nani kawapa ruhusa, nyinyi wanaume wawili, ya kunibeba huku na huku kama gunia? Wewe ulinipakia kwenye gari. Yeye kanipakia kwenye karatasi." Akasimama. "Kesho usirudi hapa na hiyo kazi ya wizi. Sitachemsha maji."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Hakuubamiza, na hilo lilimuuma Pindo zaidi.

Asubuhi iliyofuata mashine ilikuwa imefungwa tayari, ndefu kama gari, na rola zake zimeanza kupata moto. Fundi aliyetumwa na wauzaji, kijana mnene mwenye bisibisi sikioni, alikuwa anafuta mikono. Bwana Taratibu alisimama kando, amekumbatia kitabu cha maelekezo ambacho bado kilikuwa ndani ya nailoni.

"Haya, mwendeshaji ni nani?" akauliza fundi.

"Huyu," akasema Bwana Taratibu.

"Na mwenzake?"

"Mwenzake yupi? Inaendeshwa na mtu mmoja."

Fundi alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayetaka kupanda baiskeli kwa mguu mmoja. "Mzee, shuka inaingia kwa ncha mbili. Mmoja anasimama hapa, mmoja pale, wanailisha kwa pamoja. Akiwa mmoja inaingia upande, inajinyonga ndani, rola zinaungua. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa Kiingereza kikubwa kabisa. Hamkukisoma?"

Wafuaji walitazama dari, sakafu, popote. Bibi Foronya aliziba mdomo kwa foronya.

"Basi mwiteni yeyote," akasema Bwana Taratibu, shingo imemwiva.

"Mwenye karatasi ya juu yuko chini," akasema Pindo.

"Mwenye karatasi ya juu ni wewe."

"Nilisema uongo. Ya juu ni yake. Yangu ni ile yenye ukurasa mweupe."

"Unajua unachosema? Hilo ni kosa la nidhamu. Nitakuandikia barua, na utashuka wewe, kwa sababu taratibu..."

"Bwana," fundi akamkata, "nani anapanda nani anashuka mtaandikiana baadaye. Rola zimeshapata moto. Nipe watu wawili. Hebu wewe shika ncha hii tujaribu."

Pindo hakusubiri. Alishika chuma cha ngazi, akashuka. Kwenye ngazi ya saba klorini ilimkaribisha kama mtu anayekufahamu. Shemeji alikuwa ameinama juu ya gunia, glavu mpaka viwiko, kitambaa kimefunga pua. Alipoona viatu akanyanyuka.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Panda. Nimewaambia karatasi ni yako."

"Nani kakutuma uwaambie? Nilikuomba?"

"Na mimi nilikuomba uniokoe?"

"Sikukuokoa wewe, mpumbavu wewe! Uliingia nyumbani kwangu, hukuketi, hukuuliza, ukapakia mke wangu kama mzigo!"

"Alikuwa analia!"

"Nilikuwa nalia na mimi! Uliniona? Uliangalia upande wangu?"

Juu, mashine za kukaushia zilizimwa moja moja ili watu wasikie vizuri. Walitukanana kwa nguvu zote, wakarudi mwaka wa talaka, wakapitia redio ambayo mmoja alimkopesha mwenzake na hakurudishiwa, wakafika kwa mama zao, wakatoka huko wakiwa wamechoka. Kisha kikohozi kikamkamata Pindo, kikamkunja mpaka akashika ukuta. Shemeji alivua glavu moja, akamshika kwapani bila upole wowote, akamsukuma mbele yake ngazi baada ya ngazi.

"Panda. Panda, shetani mkubwa. Usinifie hapa, watasema ni mimi."

Walipotokea juu walimwona Bwana Taratibu kavua koti, kashika ncha ya shuka kwa vidole viwili, anahema. Alikuwa amesimama upande usio wake. Shuka ilikuwa imeingia nusu, imepinda kama mkia wa mbwa, na tai yake ilikuwa inalamba ukingo wa rola.

"Toka hapo," akasema Shemeji, akamsogeza kwa bega. "Utaungua." Akashika ncha ile, na Pindo, bado anakohoa, akashika ya pili.